Mwongozo kamili wa kung'arisha bia ya nyumbani kwa jelatini

Wanaotengeneza bia nyumbani hulalamikia jambo moja kuliko mengine yote: bia imechacha vizuri na ladha yake haina kasoro, lakini ikimiminwa kwenye glasi inafanana na maji ya mto baada ya mvua. Wengi wao wameshajaribu jelatini wakaambulia patupu. Ukiwauliza walivyofanya, sababu huwa mbili tu. Ama waliitia jelatini kwenye bia yenye joto la chumbani, ama walikuwa wakipambana na aina ya ukungu ambao jelatini haina uwezo nao. Mwongozo huu umepangwa kuziba mianya hiyo miwili, ndiyo maana jelatini yenyewe haiguswi mpaka hatua ya nne.

Vipimo vyote ni vya ndoo yenye lita 20 za bia. Kama yako ni lita 10, gawa kwa mbili.

## Vitu vya kuandaa

- Jelatini ya unga isiyo na ladha, rangi wala sukari, gramu 4, ambazo ni takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Jeli za watoto za pakiti hazifai, kwa kuwa sehemu kubwa ya pakiti ni sukari na rangi.
- Maji safi mililita 200, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kabisa.
- Kipimajoto cha jikoni kinachosoma kuanzia sifuri hadi nyuzi 100 za Selsiasi.
- Haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa bia ukilinganishwa na maji) na mrija wake wa kupimia.
- Friji au friza inayoweza kuingiza ndoo nzima. Hili ndilo sharti gumu kuliko yote, na halina njia ya mkato.
- Iodini ya kupaka kwenye vidonda, ya duka la dawa, pamoja na kisahani cheupe.
- Sufuria ndogo, kijiko cha chuma na mpira wa kuhamishia bia.
- Dawa ya kuua vijidudu unayotumia siku zote kwa vyombo vya bia.

Mizani ndogo ya gramu itakusaidia sana, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumba mbili havilingani.

## Hatua ya 1: Tambua ukungu ulio nao

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila anayeshindwa. Bia huwa na ukungu kwa sababu kadhaa ambazo kwa macho zinafanana, ilhali kila moja ina tiba yake.

Chota sampuli mbili kwa glasi safi. Moja iweke kwenye friji usiku kucha, nyingine iache mezani. Asubuhi zipeleke kwenye chumba chenye giza, kisha washa tochi ya simu ubavuni mwa kila glasi. Bia safi hupitisha mwanga bila mwanga huo kuonekana ndani yake. Bia yenye chembe huonyesha mstari mweupe wa mwanga ukikatiza katikati ya glasi.

Glasi ya mezani ni safi, ya friji ina ukungu. Huu ni ukungu wa baridi. Protini za nafaka na tanini (vitu vyenye ukakasi) kutoka kwenye maganda ya nafaka na kwenye hopsi (maua yanayotia bia uchungu) hushikana bia inapopoa, kisha huachiana inapopata joto. Jelatini inauweza, kwa sharti kwamba itiwe wakati ukungu wenyewe umeshajitokeza, yaani bia ikiwa baridi.

Glasi zote mbili zina ukungu, lakini ile ya friji imeanza kuonyesha tabaka la rangi ya maziwa chini. Hiyo ni hamira inayoelea. Hutokea zaidi kwa wanaotumia hamira ya mkate, ambayo haikuchaguliwa kwa tabia ya kushikana na kuzama kama zilivyo hamira nyingi za bia. Hapa jelatini hufanya kazi yake vizuri kuliko popote pengine.

Glasi zote mbili zina ukungu na hakuna kinachotuama. Weka matone machache ya bia ya mezani kwenye kisahani cheupe, kisha dondoshea tone moja la iodini pembeni yake na uyaache yakutane. Yakibaki na rangi ya kahawia iliyofifia, hakuna wanga. Yakigeuka buluu iliyoiva, zambarau au meusi, bia yako ina wanga ambao haukugeuzwa kuwa sukari, na jelatini haitausogeza. Mwaga sampuli hiyo, usiinywe. Kwa bia nyeusi kipimo hiki ni kigumu kusomeka, hivyo ipunguze kwanza kwa maji.

Bia ina uchachu usioutarajia, utando juu, au inavutika kama kamasi. Imeingiliwa na bakteria au hamira ya mwituni. Hakuna dawa ya kung'arisha itakayoirudisha. Imwage, kisha shughulika na usafi wa vyombo.

Umetia matunda. Huenda ukungu ni pektini (kitu cha kwenye matunda kinachogandisha jemu), hasa kama matunda yalichemshwa. Pektini huondolewa kwa kimeng'enya chake, pektinasi, na jelatini haifai kitu hapo.

### Neno kwa wanaotumia mtama na mahindi

Ukungu wa wanga unawasumbua sana watengenezaji wa kwetu, kwa sababu wanafuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya shayiri. Wanga wa shayiri huiva na kuwa tayari kumeng'enywa kwenye joto lisilozidi nyuzi 65 hivi. Wa mtama huhitaji takriban nyuzi 68 hadi 78, na wa mahindi nao huhitaji joto kubwa kuliko shayiri. Ukiloweka mtama kwenye maji ya nyuzi 65 kama kitabu kinavyosema, sehemu kubwa ya wanga wake hubaki mbichi, kisha huvuja kwenye bia baadaye wakati wa kuchemsha.

Tiba yake ni kuupika mtama au unga wa mahindi kwanza mpaka uwe uji, kuupoza hadi nyuzi 66 hivi, ndipo utie kimea cha shayiri chenye vimeng'enya. Anayetumia kimea cha mtama peke yake hukiloweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu, akaengua maji ya juu yaliyobeba vimeng'enya na kuyaweka kando, akapika nafaka iliyobaki, akaipoza, kisha akarudishia yale maji. Hii ni kazi ya upishi ujao. Uliokwisha kuchacha unywe ulivyo, na uunywe mapema, kwa kuwa wanga ni chakula cha bakteria.

Na kama unachopika ni mbege au busaa, funga ukurasa huu. Uzito na weupe wa vinywaji hivyo ndio kinywaji chenyewe, na anayeving'arisha anamwaga alichokusudia kunywa. Hali kadhalika bia za ngano za Kijerumani, ambazo kwa desturi hunywewa na hamira yake.

## Hatua ya 2: Hakikisha kuchacha kumekwisha

Pima uzito wa bia kwa haidromita, rudia baada ya siku 2, kisha rudia tena. Vipimo vikilingana, mathalani 1.010 mara zote, hamira imemaliza kazi. Mapovu kukoma kwenye kizibo cha hewa (kile chenye maji, kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) si ushahidi wa kutosha, kwa maana kifuniko cha ndoo kinaweza kuwa kinavuja.

Sababu ya kusisitiza jambo hili ni usalama. Ukiipoza bia ambayo bado ina sukari, hamira inalala na kila kitu kinaonekana shwari. Ukishaitia kwenye chupa na kuiacha kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hamira inaamka na kuendelea na sukari ile, juu ya sukari uliyoongeza ya kutengeneza gesi. Chupa ya kioo ikipasuka kwa shinikizo la namna hiyo hutoa vipande vinavyoweza kumpofua mtu.

## Hatua ya 3: Poza bia kwanza, mpaka ipoe kweli

Ingiza ndoo kwenye friji iliyowekwa kwenye kiwango chake cha baridi kali na uiache kwa saa 24 au zaidi. Lengo ni bia yenyewe kufikia nyuzi 1 hadi 4. Joto la hewa ya friji halikuambii kitu: lita 20 zilizoingia zikiwa na nyuzi 28 hushuka polepole, na katikati ya ndoo ndiko kunakopoa mwisho. Pima bia, usipime friji.

Baridi inahitajika kwa sababu mbili. Ya kwanza tumeshaigusa: bila baridi, protini na tanini hazijashikana, hivyo jelatini inapita bila kukutana na kitu cha kubeba, kisha ukungu unazuka baadaye chupa ikiwa mezani mbele ya wageni. Ya pili ni kwamba baridi huituliza hamira, gesi haipandi tena kuvuruga mashapo, na kila kinachozama kinabaki chini.

Tahadhari mbili. Bia inapopoa, hewa iliyo juu yake hunywea na kuvuta ndani kile kilichomo kwenye kizibo cha hewa. Kwa hiyo mwaga maji ya kizibo na uweke vodka au konyagi kidogo, au uondoe kizibo na kuziba tundu kwa karatasi ya alumini iliyotakaswa. Tahadhari ya pili ni kwa wenye friza: bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, hivyo friza isiyo na kidhibiti joto cha nje itakupatia barafu.

Wasio na friji kubwa hutumia beseni la maji, blanketi la kufunikia na chupa za plastiki zilizogandishwa, wakizibadilisha asubuhi na jioni. Inawezekana kufika nyuzi 8 au 10 kwa njia hiyo. Matokeo yatakuwa mazuri kwa hamira na hafifu kwa ukungu wa baridi, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuilaumu jelatini. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ndoo iliyokwisha kupoa hushikilia baridi yake kwa saa nyingi.

## Hatua ya 4: Andaa jelatini

Takasa sufuria, kijiko na kipimajoto. Mimina mililita 200 za maji yaliyopoa kwenye sufuria, kisha nyunyiza gramu 4 za jelatini juu yake kwa kuitawanya, wala usiimwage mahali pamoja. Iache dakika 10 hadi 15 bila kuikoroga. Utaona punje za unga zikinyonya maji, zikivimba na kuwa laini, na uso wa maji ukifanana na mchanga uliolowa. Ukirukia moto kabla ya hapo, punje hushikana na kuwa madonge ambayo ndani yake bado ni unga mkavu.

Sasa washa moto mdogo sana na ukoroge taratibu huku kipimajoto kikiwa ndani. Unataka kufikia nyuzi 65 hadi 70, na ukishafika, zima moto. Mchanganyiko unapaswa kuwa mwangavu kabisa, bila punje hata moja ukiinua kijiko. Kama punje bado zipo, endelea kukoroga kwenye joto hilohilo kwa dakika chache.

Usiichemshe. Jelatini inafanya kazi kwa sababu ni molekuli ndefu, na kuchemsha huzikatakata. Katika uchachu wa bia, ambao huwa pH 4 hadi 4.5, molekuli hizo hubeba chaji chanya, wakati kuta za hamira zina chaji hasi. Zinavutana, chembe ndogo zinaungana kuwa kubwa, na chembe kubwa huzama upesi: kipenyo kikiongezeka mara mbili, kasi ya kuzama huongezeka mara nne. Wanaosafisha maji ya mto kwa mbegu za mlonge wanatumia kanuni hiyohiyo, isipokuwa wao wanashusha udongo. Mlonge usiutie kwenye bia.

Wapo wanaotumia jiko la maikrowevu. Linafaa, mradi uwashe kwa sekunde chache chache na upime joto kila mara.

## Hatua ya 5: Itie kwenye bia

Itie ingali na moto. Wengi huogopa hapa na kuiacha ipoe kwanza, kumbe ikipoa sufuriani inaanza kuganda na haichanganyiki tena. Mililita 200 za nyuzi 70 hazipandishi joto la lita 20 za bia baridi hata kwa nyuzi 1.

Fungua kifuniko kiasi cha kupitisha sufuria tu, mimina polepole ukizungusha mkono juu ya uso wote wa bia, kisha funga. Ikimwagwa kwa mkupuo mahali pamoja, huganda palepale na kushuka chini ikiwa nyuzinyuzi za jeli, na bia ya juu inabaki na ukungu wake.

Unaweza kuizungusha ndoo taratibu mara mbili tatu kwa kuishika ukingoni. Usikoroge kwa kijiko wala kumimina kutoka juu, kwa kuwa oksijeni inayoingia wakati huu haina hamira ya kuimaliza, na bia yako itaanza kunukia kama karatasi iliyolowa baada ya wiki chache. Kama utahamishia bia kwenye ndoo nyingine au kegi (pipa dogo la chuma la bia), tanguliza jelatini chini, kisha ingiza bia kwa mpira ulioshuka hadi sakafuni mwa chombo. Mzunguko wake utachanganya bila kupiga povu.

## Hatua ya 6: Subiri bila kuigusa

Rudisha ndoo kwenye friji kwa saa 48 hadi 72. Baada ya saa 24 utaona tofauti, lakini bia iliyo katikati ya ndoo huwa haijamaliza.

Mafanikio yanaonekana hivi: chota glasi kutoka sehemu ya juu, ifute jasho la baridi kwa nje, kisha ishike mbele ya ukurasa wenye maandishi. Herufi zinasomeka kupitia bia ya rangi ya dhahabu. Kwa tochi, ule mstari mweupe umetoweka au umefifia sana. Chini ya ndoo kuna tabaka laini, zito kidogo kuliko mashapo ya kawaida na lenye kutikisika ukiisogeza ndoo. Ndiyo maana ndoo haisogezwi.

Ikiwa siku 3 zimepita na bia bado ina ukungu, hakiki joto lake kwanza. Kama lilikuwa juu ya nyuzi 5, ishushe na usubiri siku 2 zaidi kabla ya kufikiria dozi nyingine. Kama joto lilikuwa sahihi, tia nusu ya dozi mara moja tu. Kuzidisha jelatini hakuongezi mwangaza. Huongeza mashapo mepesi yanayoinuka kila ukigusa chombo, na hupunguza harufu ya hopsi. Dozi ya pili ikishindwa, rudi kwenye iodini.

## Hatua ya 7: Hamisha na utie kwenye chupa

Kama ndoo yako haina bomba, inyanyue na kuiweka mezani saa kadhaa kabla ya kazi ili kilichotikisika kitulie, na usiiache mezani hadi ipate joto. Anza kuvuta bia kwa mpira kutokea juu, ukiushusha kadiri bia inavyopungua, na uache sentimita 2 za mwisho ndani ya ndoo. Kuzigombania hizo ni kujirudishia ukungu ulioutoa.

Swali linaloulizwa sana: je, hamira ikishazama, gesi itatoka wapi? Bado hubaki hamira ya kutosha hata katika bia inayoonekana safi kabisa. Tofauti ni muda. Chupa zinaweza kuchukua wiki moja zaidi kupata gesi. Tumia sukari yako ya kawaida, gramu 5 hadi 7 kwa lita kulingana na aina ya bia, iliyochemshwa kwenye maji kidogo na kuchanganywa kwenye bia yote.

Kosa dogo lenye gharama: vikokotoo vya sukari huuliza joto la bia. Usiandike nyuzi 3 za friji. Andika joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya kumaliza kuchacha, kwa sababu ndilo linaloamua gesi iliyobaki ndani. Ukiandika nyuzi 3, kikokotoo kitadhani bia imejaa gesi na kukupa sukari pungufu.

## Kama jelatini haikufai

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Soma pakiti, na uwaeleze utakaowakaribisha, maana kuna anayekunywa bia lakini nguruwe hali. Ipo pia dawa ya sehemu mbili, ya silika ikifuatiwa na kitosani. Silika ina chaji hasi, kitosani ina chaji chanya, nazo hutiwa kwa kupishana kama maelekezo ya pakiti yanavyosema. Kitosani nyingi hutokana na magamba ya kamba na kaa, kwa hiyo mwenye mzio wa vyakula hivyo aambiwe.

Mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) nayo huulizwa sana, hasa na walio Mwanza na Kisumu. Ni kweli kwamba Waingereza husafishia bia za mapipa kwa dawa inayotokana na mabondo ya samaki, na ni kweli kwamba sangara ana bondo kubwa. Lakini bondo la sokoni lazima lisafishwe, likaushwe, kisha livunjwevunjwe kwa asidi dhaifu kwa muda mrefu, na likipata joto la zaidi ya nyuzi 20 hivi huharibika. Kwa bei ya mabondo ilivyo sasa, ni afadhali uyauze ununue jelatini.

Mwani ni habari nyingine, kwa kuwa hutiwa sufuriani, dakika 15 za mwisho za kuchemsha, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Kazi yake ni kukamata protini kabla hazijafika kwenye bia. Nunua ule uliotayarishwa kwa ajili ya bia. Mwingi unaolimwa Zanzibar ni wa aina ya spinosum, ambao karagini yake (ute wa mwani unaokamata protini) sio inayotegemewa kwa kazi hii, na mwani mkavu wa ufukweni huja na chumvi yake. Ukishazima moto, poza upesi. Maji ya bomba ya pwani hayatakushusha chini ya nyuzi 27 au 28, hivyo maliza kwa beseni la barafu.

Mwisho, kuhusu chupa zenyewe. Hata bia iliyong'arishwa hujenga tabaka jembamba chini ya chupa, kwa kuwa gesi imetengenezwa na hamira humo humo. Zisimamishe chupa wima kwenye friji usiku mmoja kabla ya kunywa, mimina kwa mkupuo mmoja bila kuirudisha chupa wima, na uache upana wa kidole kimoja ndani. Na kabla ya kuuza hata chupa moja, ulizia leseni, kwa sababu sheria za pombe hutofautiana nchi hadi nchi.